Mnyoo, puto na tone la damu: historia ya kuitafuta saratani ya umio

Tarehe 7 Oktoba 2024 nilikuwa zamu ya mchana kwenye dawati la habari za kimataifa. Ikaingia taarifa kutoka Stockholm: Tuzo ya Nobel ya Tiba imekwenda kwa Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kwa kugundua kitu kinachoitwa maikro-RNA. Mhariri akanitazama juu ya miwani yake. "Dogo, maneno mia mbili tu. Usitupeleke darasani." Nikaandika mia mbili, nikatuma, nikaenda kwa mama ntilie kula ugali. Tonge la pili nikakumbuka kwamba hilo neno, maikro-RNA, niliwahi kuliona sehemu. Nililiona mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi, usiku ninahangaika kwenye intaneti kutafuta chochote kuhusu ugonjwa uliokuwa unamuua babu yangu huko Kilimanjaro.

Sasa hapa hakuna mhariri. Naomba niandike yale maneno mengine.

Babu alianza kukwama na nyama. Akasema meno yamechoka. Baadaye ugali ukawa unagoma, akahamia kwenye ndizi, kisha mtori, kisha uji, na mwisho hata maji yakawa yanarudi. Muda wote huo alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo kwenye kituo fulani cha afya ambacho sitakitaja. Miezi mitano ya vidonge. Alipopewa rufaa na kuingizwa mpira wenye kamera, daktari alichukua kinyama kwa ajili ya maabara, ila mama anasema uso wa daktari ulishatoa majibu kabla ya maabara. Saratani ya umio, yaani lile bomba linaloshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kazi iliyobaki ilikuwa kumsaidia ameze.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: hivi kweli hakukuwa na namna ya kujua mapema? Bahati mbaya umio ni kiungo kivumilivu mno. Ukuta wake unatanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake na mtu akaendelea kula kama kawaida, na siku tonge linapokwama njia inakuwa imeshabanwa sana. Dalili ya kwanza inakuja mwishoni. Kwa hiyo historia nzima ya kuutafuta ugonjwa huu ni historia ya watu wanaojaribu kuuwahi kabla mgonjwa hajajijua ni mgonjwa.

Kwanza tujue unaishi wapi, maana huu ugonjwa una makazi. Saratani ya umio ziko aina mbili kubwa. Ile inayoongezeka kwa Wazungu huanzia chini, karibu na tumbo, na inahusiana na unene na kiungulia cha muda mrefu. Ya kwetu ni ile nyingine, inayoota kwenye ngozi ya ndani ya umio wenyewe, na ina ukanda wake wa ajabu duniani: kaskazini mwa Iran karibu na Bahari ya Kaspi, milima ya kati ya China, halafu huku kwetu, mstari unaoshuka kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1969 N. Ahmed na Paula Cook walichapisha takwimu za magharibi mwa Kenya, na mwaka 1971 Cook akaandika muhtasari wa Afrika nzima akihoji kama pombe za kienyeji zinazotengenezwa kwa mahindi zinahusika. Zaidi ya nusu karne imepita. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo.

Lakini waliokuwa wa kwanza kwenda nyumba kwa nyumba kuutafuta ugonjwa walikuwa Wachina, na hapa ndipo hadithi inaponoga.

Kuna wilaya inaitwa Linxian, mkoa wa Henan, chini ya milima ya Taihang. Huko kufa kwa kushindwa kumeza lilikuwa jambo la kawaida kwa vizazi. Hata kuku wao walikutwa na uvimbe wa koo! Miaka ya 1950 serikali ikapeleka madaktari. Hawakuwa na kamera za kuingiza tumboni, hawakuwa na umeme wa uhakika, walichokuwa nacho ni watu wengi na ubunifu. Daktari Shen Qiong akatengeneza kifaa ambacho ukikisikia unacheka: puto dogo lililovishwa wavu, kwenye ncha ya mrija mwembamba. Unalimeza likiwa limenywea, linajazwa hewa likifika chini, halafu linavutwa taratibu kurudi juu huku wavu ukikwangua chembechembe za ukuta wa umio. Zile chembechembe zinapakwa kwenye kioo, zinatazamwa kwa hadubini. Basi. Maelfu kwa maelfu ya wakulima walilimeza lile puto.

Na lilifanya kazi. Waliwakuta watu wenye saratani changa kabisa, wakiwa bado wanakula na kulima, wakafanyiwa upasuaji wakaishi. Yaani wazo kwamba ugonjwa huu unaweza kuwahiwa lilithibitishwa kwa puto, tena na madaktari wa vijijini. Kasoro yake ilionekana baadaye. Miaka ya 1990 watafiti walipolilinganisha na kamera, puto lilinasa chini ya nusu ya wale waliokuwa na saratani au mabadiliko yanayoielekea. Ukiambiwa huna, hiyo haikuwa na maana kwamba huna.

Mwaka 1993 ni wa kuukumbuka. Ndio mwaka yalipotoka matokeo ya jaribio kubwa la lishe hapohapo Linxian, watu 29,584 waliopewa vitamini na madini kwa zaidi ya miaka mitano kuona kama saratani itapungua. Kundi moja la virutubisho, beta-karotini, vitamini E na seleniamu, lilipunguza vifo kidogo, hasa vya saratani ya tumbo. Umio haukushtuka sana. Na mwaka huohuo, mwezi Desemba, upande wa pili wa dunia, zikatoka makala mbili kuhusu mnyoo. Hakuna aliyeziunganisha habari hizi mbili. Angeziunganishaje?

Mnyoo wenyewe anaitwa C. elegans, ana urefu wa milimita moja hivi, anaishi kwenye udongo. Ambros na Ruvkun walikuwa wamepita kwenye maabara moja, ya Robert Horvitz kule MIT, kisha kila mmoja akaanzisha ya kwake. Walichokuwa wanafukuzia ni swali ambalo kwa mtu wa kawaida linaonekana la kipuuzi: kwa nini minyoo fulani wenye kasoro hawakui vizuri, wanarudia hatua za utoto tena na tena? Jeni moja iliyohusika iliitwa lin-4. Ambros, pamoja na Rosalind Lee (ambaye ni mkewe) na Rhonda Feinbaum, waliitafuta kwa miaka. Walipoipata wakakuta haitengenezi protini yoyote. Inatoa kijipande cha RNA chenye herufi 22 tu. Ruvkun naye alikuwa na jeni nyingine, lin-14. Mwaka 1992 wakabadilishana mifuatano yao ya herufi, na wote wawili wakaona kitu kilekile: zile herufi 22 zinajipachika kwenye ujumbe wa lin-14 na kuuzima, kama mtu anayeweka kiganja juu ya mdomo wa msemaji.

Mapokezi yalikuwa ya baridi. Mambo ya minyoo hayo, watu walisema. Na niwape umbea kidogo: kabla makala hiyo haijatoka, Harvard ilishamnyima Ambros ajira ya kudumu, akahamia Dartmouth. Nawaza tu ile ofisi iliyotia saini barua yake ilijisikiaje Oktoba ile.

Ubaridi ulikwisha mwaka 2000. Maabara ya Ruvkun ikapata kijipande cha pili, let-7, na hiki hakikuwa cha minyoo pekee. Kilikutwa kwa nzi, kwa samaki, kwa binadamu. Mwaka 2001 jina maikro-RNA likaanza kutumika. Mwaka 2002 maabara ya Carlo Croce ikaonyesha kwamba vijipande viwili vya aina hii hupotea kwa wagonjwa wengi wa aina fulani ya saratani ya damu. Mwaka 2005 wengine wakaonyesha kwamba ukisoma orodha ya maikro-RNA za uvimbe unaweza kutambua ulitokea kiungo gani. Ndani ya miaka mitano tu, mambo ya minyoo yakawa mambo ya hospitali.

Lakini kuzisoma kulihitaji kipande cha uvimbe. Na ukishakuwa na kipande cha uvimbe mkononi, umeshachelewa au umeshajua. Hapo ndipo mwaka 2008 ukawa mwaka wa damu.

Wanabiolojia wote walijua kwamba RNA haiwezi kukaa kwenye damu. Damu imejaa vimeng'enya vinavyoitafuna kama mchwa na karatasi. Ndiyo maana watu walishangaa pale kundi la Muneesh Tewari, kule Seattle, lilipotangaza kwamba maikro-RNA zipo kwenye damu na zimekaa imara. Waliiacha sampuli kwenye joto la chumba kwa saa 24, hazikuharibika. Wakaigandisha na kuiyeyusha mara nane, zikabaki. Kisha wakachukua panya waliopandikizwa uvimbe wa tezi dume wa binadamu, wakakuta maikro-RNA za binadamu zinaogelea kwenye damu ya panya. Yaani uvimbe unatuma barua. Mwaka huohuo makundi ya Oxford na Nanjing yalitoa matokeo yanayofanana na hayo. Baadaye ikajulikana siri ya uimara: barua hizi hazisafiri uchi, nyingine zimefungwa ndani ya vifuko vya mafuta, nyingine zimekumbatiwa na protini inayozilinda.

Msomaji, hebu fikiria maana yake kwa zahanati ya kijijini. Hakuna kumeza puto, hakuna kamera, hakuna daktari bingwa. Sindano, chupa ndogo, na sampuli inayovumilia kusafiri kwa basi hadi mjini. Nilipoyasoma haya mwaka 2011 nilikaa nimeshika kichwa.

Umio wenyewe ulifikiwa haraka. Mwaka 2010 kundi la Nanjing lilichapisha kazi iliyotumia seramu ya wagonjwa 290 wa saratani ya umio na watu 140 wasio nayo. Walichuja wakabaki na maikro-RNA saba. Kuna kipimo cha kitakwimu kinachopima uwezo wa kutenganisha wagonjwa na wazima, ambapo 1 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kurusha shilingi. Zile saba zilipata kati ya 0.817 na 0.949. Alama ya zamani ya saratani iliyokuwa ikitumika, CEA, ilipata 0.549. Shilingi hiyo! Mwaka 2011 Wajapani wa Kyoto wakaja na jozi yao: miR-21 iliyopanda kwa wagonjwa na miR-375 iliyoshuka. Makala zikafuatana kama mvua za masika, nyingi zikiwa za China na Japani. Na mwaka 2019 ikatoka kubwa kuliko zote nilizowahi kusoma, ya Japani, wagonjwa 566 dhidi ya watu 4,965 wasio na saratani. Maikro-RNA sita. Katika kundi la kuhakiki, kipimo kilinasa wagonjwa 96 katika kila 100, na kiliwaambia ukweli wazima 98 katika kila 100.

Ungeishia hapo ungesema tumefika. Mimi nilitaka kuishia hapo.

Kisha nikafanya kitu ambacho mhariri wangu angenifukuza ofisini: nilikaa na orodha hizi, kalamu mkononi, nikitafuta majina yanayojirudia. Zile saba za Nanjing na zile sita za mwaka 2019 hazina hata jina moja linalofanana. Hata moja. Jozi ya Kyoto haimo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili. Ugonjwa ni uleule, damu ni ileile ya binadamu, kila kundi limeandika barua za uvimbe, na kila barua ina mwandiko wake.

Sababu moja ilikuwa imeshasemwa, tena na watu walewale wa Tewari. Mwaka 2012 walichapisha onyo. Walichukua maikro-RNA 79 zilizokuwa zimetangazwa kuwa alama za saratani mbalimbali kwenye damu, wakazilinganisha na zile zinazotengenezwa na chembe za damu zenyewe. Kati ya 79, 46 zilikuwa zinapatikana kwa wingi ndani ya chembe za damu. Maana yake, ukichoma sindano vibaya na chembe nyekundu zikapasuka, au ukichelewa kutenganisha damu, au mgonjwa akiwa na chembe nyeupe nyingi kwa sababu ya maambukizi, namba zinapanda na kushuka bila uvimbe kuhusika. Mojawapo ya zile saba za Nanjing, miR-223, inajulikana kwa kujaa kwenye chembe nyeupe. Mashine nazo hutofautiana, na namna ya kupiga hesabu pia. Nawapa heshima yao hawa jamaa wa Seattle. Walioufungua mlango ndio walioonya kwamba ngazi ina nyufa.

Sababu ya pili ni hesabu, na hii naomba muivumilie. Nyingi ya tafiti hizi huchukua watu ambao tayari wanajulikana ni wagonjwa, wengi wao ugonjwa umekomaa, na kuwalinganisha na wazima. Kijijini mambo ni tofauti. Tuseme tunapima watu wazima 100,000 na kati yao 20 wana saratani changa ya umio bila kujua. Tumia kipimo cha mwaka 2019 na tukikubali kitafanya vizuri vilevile: kitawanasa 19. Safi sana. Lakini kati ya wazima 99,980 kitawatisha karibu 2,000 ambao hawana kitu. Wote hao lazima waingizwe kamera ili ijulikane nani ni nani. Nani ataziingiza kamera 2,000? Na wale 19 watafanyiwa upasuaji wapi, kwa bima gani?

Ndiyo maana hadi leo ninapoandika, hakuna nchi ambayo kipimo cha maikro-RNA kwenye damu ndicho utaratibu wa kawaida wa kuitafuta saratani ya umio. China, yenye makala nyingi kuliko wote, kwenye wilaya zake zenye ugonjwa inategemea kamera na dawa ya madini joto inayopakwa kwenye umio ili sehemu mbovu zisishike rangi. Mimi sisemi wazo la damu limekufa. Orodha ya mwaka 2019 ilipita kwenye uhakiki mzito kuliko zile za mwanzo. Ninachosema ni kwamba ilitafutwa kwenye damu ya Tokyo, na kabla haijaja kupimwa kwa watu wa Bomet, Lilongwe na Rombo, kwa wagonjwa ambao bado wanameza vizuri, sisi huku hatuna la kushangilia.

Na huku kwetu watu hawakukaa bure. Madaktari wa hospitali ya Tenwek, Bomet, mwaka 2009 walichapisha matokeo ya kuwawekea wagonjwa mirija ya waya inayofungua njia ya chakula, na mwaka uliofuata ikatoka makala kuhusu vijana wa miaka 30 kushuka chini wanaougua saratani hii magharibi mwa Kenya. Vijana wa umri wetu, jamani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likishirikiana na watu wa Eldoret, Moshi na Blantyre, limekuwa likisaka visababishi. Mwaka 2015 ikatoka kazi iliyonigusa binafsi: walikwenda Kilimanjaro na kipimajoto, wakapima chai ya watu pale wanapoanza kuinywa. Wastani ulizidi nyuzi joto 70. Mwaka 2016 IARC iliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Babu alikuwa akirudisha chai jikoni ikiwa haitoi moshi. "Hii mmeniletea maji ya kuoga?"

Mwaka 2021, wakati mimi nikidhani kila mtu duniani yuko kwenye damu, ilichapishwa kazi nyingine ya Kilimanjaro. Wanakijiji, watu wazima wasio na dalili, walipewa kidonge kilichofungwa uzi wakimeze. Kidonge kinayeyuka tumboni, ndani yake kinafunguka kisponji kidogo, na baada ya dakika chache mhudumu anavuta uzi na sponji linarudi juu likiwa limekwangua chembechembe za umio. Kifaa chenyewe kilibuniwa Cambridge, kwa Rebecca Fitzgerald. Walitaka kujua tu kama inawezekana kufanyika kijijini na kama watu watakubali. Watu walikubali.

Nilimwonyesha mama picha ya kile kisponji kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Akaniuliza kama kinauma. Nikamwambia wanasema hakiumi, kinakera tu kikivutwa. Akanyamaza, halafu akasema babu angekimeza, ila angetaka kwanza kujua uzi umefungwa na nani.